Alipojikwaa Mama

Musawo alikuja saa mbili usiku, na alikuwa amepanga iwe hivyo. Mchana wake nilikuwa nimempigia simu kumweleza kwamba mama yangu ameanguka, ameshonwa nyuzi sita juu ya jicho, ila mifupa iko salama. Nilidhani angesema atapita kesho asubuhi. Badala yake akauliza, "Alianguka saa ngapi?" Nikamwambia, saa kumi za usiku. "Basi nitakuja kukishakuwa giza."

Kwa Waganda, musawo ni mtu yeyote anayetibu, awe daktari, muuguzi au mkunga. Huyu wetu ni mtaalamu wa fiziotherapia, wale ambao wengi tunawaita madaktari wa mazoezi. Alisomea Mulago, Kampala. Mchana yuko hospitalini, jioni huzunguka mitaa ya Bukoto, Kisaasi na Kamwokya akiwafuata majumbani wazee waliokwisha kuanguka mara moja, ili wasianguke mara ya pili. Ameniomba nisimtaje jina, na mtaani hakuna anayelitumia. Ni Musawo tu.

Mama ametoka Bukoba kuja kukaa nami Bukoto. Husema silabi moja tu ndiyo iliyobadilika, lakini vilima vya huku vinamdai magoti. Ana miaka 78. Usiku ule tulimkimbiza hospitali akivuja damu hadi kwenye kitenge. Walimpokea vizuri, wakamsafisha, wakamshona kwa mkono mwepesi, wakampiga picha ya kichwa na nyonga, wakampa Panadol, wakamwambia awe mwangalifu. Hakuna aliyemwuliza alikuwa anafanya nini alipoanguka. Hata mimi mwanawe sikumwuliza. Nilishukuru Mungu kwamba nyonga ni nzima, nikamrudisha nyumba ile ile, kitanda kile kile, ukumbi ule ule.

Musawo alivua viatu mlangoni, akaingia hadi chumbani kwa mama, akachuchumaa mbele yake. "Shikamoo, Jjajja," yaani bibi kwa Kiganda. Mama akaitikia marahaba, akafurahi kusikia salamu ya kwao katika mdomo wa Mganda. Musawo akamwambia, "Nisimulie usiku ule. Anzia ulipokuwa bado umelala."

Nilikwisha kumweleza kwamba mama alianguka ukumbini, karibu na mlango wa choo. Yeye alitaka kuanzia kitandani. Basi mama akasimulia. Aliamshwa na haja ndogo. Aliinuka haraka kwa sababu haja ya uzee haingoji. Akahisi dunia inamyumbia, kama mtu anayeshuka kwenye MV Victoria baada ya usiku wa mawimbi kutoka Mwanza. Akapapasa ukuta, akaenda. Mbele kidogo mguu ukanasa, akaenda upande, kichwa kikagonga fremu ya mlango.

"Wahenga walisema," mama akamalizia, "usiangalie ulipoangukia, angalia ulipojikwaa."

"Ndiyo kazi yangu yote hiyo, Jjajja," akajibu Musawo.

Kisha akaomba mama akae kitini, yeye akaketi kitandani mahali pa mama, akazima taa za nyumba nzima, akainuka. Nilisimama jikoni nikimsikiliza. Alitembea pekupeku, polepole kama mzee, kiganja chake kikiteleza juu ya ukuta. Alihesabu hatua kwa sauti ya chini. Ya nne, ya tano, kisha kiganja kikanyamaza. Pale ukuta unakatika, pana uwazi wa kuingilia sebuleni, na kwa hatua mbili mkono hauna cha kushika. Katikati ya hatua hizo mbili ndipo tulipokuwa tumetandika mkeka. Akaendelea hadi ya kumi na moja, akafika kwenye kizingiti cha choo, akainama akakipima kwa vidole: vidole vinne.

Nimeishi nyumba ile miaka tisa. Sikuwahi kujua kwamba ukuta wake unamwacha mtu mkono mtupu.

Aliporudi alifanya jambo jingine ambalo sijalisahau. Aliwasha tochi ya simu akailaza sakafuni, mwanga ukatambaa chini kama maji. Kila kilichoinuka, hata kwa unene wa kucha, kikatupa kivuli kirefu. Ukingo wa mkeka uliokuwa umejikunja ukaonekana kama kilima. Waya wa redio ukaonekana. Sakafu niliyoiona tambarare ilikuwa na miinuko mitatu.

Mtu mwingine angeishia hapo. Angeuondoa mkeka, akaukunja waya, akapokea nauli yake ya boda na kuaga. Musawo alikuwa bado na swali: mkeka ule umekuwapo tangu mama aje, na mama amepita juu yake usiku baada ya usiku. Kwa nini usiku ule? Alipojikwaa bado hapajaonekana. Tukarudi kitandani.

Akamlaza mama chali dakika tano, bila mazungumzo. Akampima presha: 146 kwa 80. Akamsimamisha, akampima tena baada ya dakika moja, kisha baada ya dakika tatu. Namba ya juu ilikuwa imeshuka hadi 119. Akanieleza kwamba mtu anaposimama, damu huteremka miguuni kwa uzito wake wenyewe. Mishipa ya kijana hujikaza mara moja na kuirudisha juu. Mishipa ya mzee huchelewa, na ya mzee anayemeza dawa za presha huchelewa zaidi. Katika kuchelewa huko ubongo hukosa damu kwa muda mfupi, na muda huo mfupi unatosha kwa hatua tano za gizani. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, mtaalamu huwa ameshapata pa kushika.

"Nileteeni dawa zote," akasema. "Zote. Hata za kupewa na jirani."

Mama akatoa kopo la maziwa ya unga chini ya mto. Ndani mlikuwa na vidonge vya presha, ambavyo alikuwa akivimeza wakati wa kulala ili asivisahau. Mlikuwa pia na vidonge vya Piriton. Jirani alimpa alipopata mafua ya baridi, na mafua yalipopona akaendelea navyo kwa sababu vinamletea usingizi mtamu. Dawa hiyo humfanya mzee asinzie na miguu iwe mizito, na usingizi wake hauondoki wote mtu anapoamka saa kumi kwenda haja.

Hapo nilipenda heshima yake kwa mipaka ya kazi. Hakuondoa kidonge hata kimoja. Alikaa mezani akaandika barua kwa daktari wa mama, kwa mkono, mistari minane, akiorodhesha presha za kulala na kusimama, majina ya dawa na saa zake. Daktari aliisoma mbele yetu kesho yake, akasimamisha Piriton, akabadilisha saa ya dawa ya presha. Kwa Musawo hiyo ilikuwa kazi ya daktari. Yake ilikuwa kumfikishia habari ambayo mzee asingejua kuieleza.

Kabla ya kuondoka usiku ule alimpa mama jambo moja tu la kufanya. Mama alikuwa fundi cherehani ujana wake wote. Musawo aliona cherehani kuukuu pembeni ya chumba akaitumia. "Jjajja, kabla ya kuinuka usiku, kaa ukingoni mwa kitanda. Kanyaga cherehani mara ishirini, kisigino na kidole, kisigino na kidole. Ukimaliza ndipo usimame, uvute pumzi, uende." Misuli ya mashavu ya miguu inapojikaza husukuma damu irudi juu. Mama hakuhitaji maelezo ya mishipa. Cherehani aliijua.

Ziara ya pili ilikuwa ya mchana, na ilikuwa ya miguu. Alikataa kiti chetu cha plastiki, akachagua cha mbao kisichoserereka. Akapima mita 3 kwa futi kamba, akaweka alama ya chaki. Mama ainuke, atembee hadi kwenye chaki, ageuke, arudi, aketi. Kipimo hiki kimetumika duniani tangu 1991, na hakihitaji chochote ila kiti, saa na jicho. Mzee anayezidisha sekunde 12 huhesabiwa yumo hatarini. Mama alitumia 19.

Saa ilikuwa mkononi mwake, lakini macho hayakuwa kwenye saa. Alimtazama mama anavyojisukuma kwa mikono kuinuka, maana yake mapaja yamechoka. Alimtazama anavyogeuka kwa vihatua saba, na katika cha tano akayumba. Mzee akianguka mbele mara nyingi huokolewa na mikono. Akianguka kwa ubavu, nyonga ndiyo inayopokea pigo. Kwa hiyo alikaa sana kwenye kugeuka. Alimchorea mama saa ya chaki sakafuni, amfundishe kugeuka kwa kukanyaga saa tatu, kisha saa sita, bila kuvuka mguu juu ya mguu.

Halafu, mama akiwa katikati ya kutembea, akamwuliza, "Jjajja, kahawa yenu ya kutafuna kule Bukoba mnaichemsha vipi?" Mama akasimama kabisa, akaanza kueleza. Musawo akasikiliza hadi mwisho, akaandika neno moja kwenye daftari. Baadaye niliuliza ameandika nini. Akasema, "Nimeandika: amesimama." Mwaka 1997 watafiti wa Sweden walieleza katika jarida la Lancet kwamba wazee wanaolazimika kusimama ili wajibu swali wakiwa njiani ndio walioanguka zaidi katika miezi sita iliyofuata. Kutembea kwao kumekuwa kazi inayotaka akili nzima. Nikamwuliza kama hakuogopa kumdhania mama vibaya, kwa maana kwetu Buhaya, kama ilivyo Buganda, mtu husimama akisalimiwa, ndiyo adabu. Akacheka. "Ndiyo maana sikumsalimia. Nilimwuliza kahawa."

Nimewafikiria sana mafundi wa namna hii. Kipimo kimeandikwa vitabuni, mtu yeyote atakisoma. Kujua kwamba Bukoto kipimo hicho hakifai kuanza na salamu, hilo linatoka kwa mtu aliyeketi na wazee wa hapa akawasikiliza.

Mazoezi yalifuata mpango uliotungwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand, ambao ulijaribiwa kwanza kwa wanawake wa miaka 80 na zaidi na matokeo yake kuchapishwa 1997. Majaribio yao yalipojumlishwa, kuanguka kulipungua kwa asilimia 35. Ni mazoezi ya mapaja, magoti, vifundo na kusimama imara, mara tatu kwa wiki, na uzito wa kufunga mguuni. Kule hufunga vizito maalumu. Musawo alichukua paketi mbili za chumvi za nusu kilo, akazifunga ndani ya leso kuzunguka kifundo cha mama. Mama alinyoosha goti akihesabu kwa Kihaya, Musawo akihesabu kwa Kiganda, na namba za lugha hizo ni ndugu, zikawa zinafuatana kama mwangwi. Wiki ya tatu akaongeza paketi. Siku mama alipofanya mara kumi bila kuhema, hakumsifu. Alimwongezea uzito, na mama akaelewa kwamba hiyo ndiyo sifa.

Walipotembea uani, hakumshika mkono. Mzee anayevutwa mkono hupoteza mizani yake mwenyewe, akaegemea ya mwingine. Alitembea nusu hatua nyuma yake, upande wa mguu dhaifu, vidole viwili vikigusa fundo la kitenge kiunoni, tayari kukaza na bila kukaza.

Ndugu yangu alikuwa ameleta bakora nzuri ya mti mgumu kutoka nyumbani. Musawo aliisifu, kisha akaomba msumeno. Alimsimamisha mama wima na viatu vyake, mikono ikining'inia, akatia alama penye mkunjo wa kifundo cha mkono, akakata vidole vitatu vya bakora. Fundi viatu wa sokoni, anayeshona lugabire, zile ndala za matairi, akaifunga mpira chini. Kisha akamhamishia mama bakora mkono wa kushoto, kwa kuwa goti bovu ni la kulia. Mama alibisha. Kila mtu hubisha. Lakini mwili unapotembea, mkono huenda na mguu wa upande wa pili, na bakora inapokanyaga pamoja na mguu mbovu huubebea sehemu ya mzigo. Walizunguka uani mara mbili, mama akanyamaza kubisha.

Kuhusu ule uwazi wa ukumbini, nilikuwa nimeshazungumza na wachomeleaji wa Kisaasi Road, wanipimie bomba la kushikia. Bomba likawekwa chooni, kwa urefu wa mkono wa mama. Lakini pale ukuta unapokatika Musawo aliniambia nisinunue kitu. Tulisukuma kabati la vyombo hatua mbili, likaziba nusu ya uwazi, na mkono wa mama ukapata pa kupita bila kuachwa. Tukaongeza taa ndogo ya sola inayobaki ikiwaka, maana umeme wa Kampala hauna ahadi. Jicho lililo chini ya mshono nalo lilikuwa na mtoto wa jicho, akatuelekeza kitengo cha macho cha Hospitali ya Mengo.

Sitaki msomaji adhani kazi hii ni ya wenye mabomba na makabati. Nilifuatana naye kwa bibi mmoja anayepanga muzigo, chumba kimoja, choo kikiwa uani cha kuchangia, njia ya udongo mwekundu ambao mvua ikinyesha hugeuka sabuni. Wakati ule bibi huyo alikuwa akipata ruzuku ya wazee ya mpango wa SAGE, shilingi 25,000 kwa mwezi, iliyokuwa ikitolewa kwa waliofikisha miaka 80. Musawo hakumwambia kuhusu bomba. Alimwomba seremala atoboe kiti kikuukuu, chini yake ikakaa ndoo yenye mfuniko, ili usiku bibi asitoke kabisa. Kwa mchana akawaomba vijana wa uani wafunge kamba ya katani kwenye nguzo, toka mlangoni hadi chooni. Swali lake kule lilikuwa lile lile, uliangukaje, na jibu likatoka katika udongo wa pale.

Jambo gumu zaidi nyumbani kwetu lilikuwa sisi wenyewe. Tangu kuanguka, tulikuwa tunamwambia mama, "Kaa tu, tutakuletea." Chai tulimletea, maji tulimletea, redio tulimwashia. Zaidi ya yote tulimkataza kukaa kwenye mkeka. Mwanamke wa Kihaya aliyekaa chini maisha yake yote, akichambua maharage, akizungumza na wenzake, tukampandisha kwenye kochi peke yake kama mgeni. Tulidhani tunamlinda. Musawo alitukalisha akatueleza bila ukali kwamba paja lisilotumika huisha, na mzee asiyeinuka leo hataweza kuinuka kesho. Hofu yetu ilikuwa inamwandalia mama anguko la pili.

Akautandika mkeka upya, mbali na njia, kingo zake zikiwa chini ya miguu ya kochi. Akaanza kumfundisha mama kuinuka kutoka sakafuni. Utafiti wa Marekani, wa Mary Tinetti na wenzake, ulionyesha kwamba karibu nusu ya wazee walioanguka bila kuumia waliwahi kushindwa kuinuka wenyewe, na kulala chini muda mrefu huleta maradhi yake. Kwa hiyo somo hili ni la kuokoa maisha, na namna alivyolifundisha ni ya fundi hasa: alianzia mwisho. Siku ya kwanza mama alianza akiwa amepiga goti moja kando ya kiti kizito, mikono juu ya kiti, akajisukuma akasimama. Hilo tu. Siku ya pili alianzia magoti mawili. Kisha mikono na magoti, akitambaa kukifuata kiti. Kisha ubavuni, akijiinua kwa kiwiko. Mwishowe akalala chali. Kila siku sehemu mpya ilikuwa ya kwanza, na baada yake palikuwa na njia ambayo mama aliijua tayari. Kwa hiyo kila jaribio liliishia kwa kusimama. Hakuna siku ambayo mama alibaki sakafuni ameshindwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kwa kuanguka, zaidi ya asilimia 80 wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wazee ndio wanaoathirika zaidi. Na tunajua kwamba saa ya kutokea hospitalini ndiyo saa ya kuanza. Mwaka 1999 madaktari wa King's College Hospital, London, walichapisha matokeo ya wazee 397 wa miaka 65 na zaidi waliofikishwa kitengo cha dharura baada ya kuanguka. Kundi moja, watu 184, lilichunguzwa kwa utulivu, presha, macho, dawa, kisha likatembelewa nyumbani. Jingine, watu 213, lilipata huduma ya kawaida. Ndani ya mwaka mmoja kundi la kwanza lilikuwa na maanguko 183. La pili lilikuwa na 510.

Nyuma ya namba hizo kuna mtu aliyeinama akapima kizingiti. Ningependa kila kitengo cha dharura mjini hapa, nyuzi zikishakatwa, kimpe mzee karatasi moja yenye jina la mtu wa namna hiyo. Sisi tulimpata kwa kuuliza mtaani.

Mwezi wa nne wa mazoezi Musawo alipima tena zile mita 3. Sekunde 13. Akaandika, akafunga daftari, akasema bado moja, atarudi. Mama alikuwa kwenye mkeka na jirani yetu, wakinyonyoa mabawa ya senene, akamuaga bila kuinuka, kwa sababu alikuwa na kazi.

Usiku huwa naamka kumsikiliza. Kwanza kitanda hulia kidogo. Kisha visigino huanza kugonga sakafu, cherehani isiyo na kitambaa, mara ishirini, nami huhesabu pamoja naye. Kimya cha pumzi moja. Kisha hatua, na kiganja juu ya ukuta, na juu ya mbao za kabati, na juu ya ukuta tena. Ya kumi na moja. Mlango wa choo ukifunguka, nageuka upande wa pili nalala.